Utepe kwenye Mlango wa Jiko

Omaha, Nebraska
16 Januari 2010

Bibi Ozella,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, magoti yamepunguza makali na kuku wako bado wanataga. Mimi sijambo, isipokuwa baridi ya huku. Navaa soksi mbili na bado sihisi vidole. Kazi ya bohari inaendelea, mgongo unalalamika lakini mdomo unakula.

Nimepiga simu mara nne tangu Krismasi. Kila mara anapokea Shangazi Vernell, ananiambia umelala. Saa nne asubuhi, Bibi? Wewe uliyekuwa ukituvuta mashuka kabla jua halijatoka? Nimeelewa. Ndiyo maana naandika. Karatasi huwezi kuikabidhi kwa Shangazi ukajifanya umelala.

Miaka miwili imepita tangu tumzike Babu, na nilichofanya siku ile sijakisahau. Niliosha jiko lake la kuokea nyama kwa moshi. Nililipulizia maji ya nguvu, nikalipaka dawa ya kuyeyusha mafuta, nikalisugua ndani kwa brashi ya waya mpaka chuma kikabaki kitupu. Tumbo la jiko likatoka matundu, nikayaziba kwa vipande vya bati. Kisha nikalipaka rangi ya fedha, ndani na nje, ili watu wa mazishini walikute linang'aa. Nilidhani namheshimu. Ulipotoka jikoni ukaliona, ulisema neno mbele ya watu wote, na mimi nikachukua begi langu kabla wageni hawajamaliza kula. Sijarudi tangu hapo.

Sasa Shangazi ananiambia sherehe ya Juni kumi na tisa mwaka huu haitakuwa kwenye ua wako. Itahamia ukumbi wa kanisa, na nyama itatoka kwenye jiko la umeme. Miaka arobaini na mitatu watu wetu wamekula sikukuu yao ya uhuru kutoka utumwani kwenye moshi wa ua ule. Sitaki iishie mikononi mwangu.

Nataka kukununulia jiko jipya. Nimetia humu picha niliyoikata kwenye gazeti la matangazo. Ni jeusi, lina magurudumu, lina kipimajoto mlangoni, na sanduku la moto liko pembeni kama la Babu. Niambie ndiyo tu, litakufikia mpaka barazani.

Mjukuu wako,
Delmar


Bolton Creek, Texas
4 Februari 2010

Delmar,

Marahaba. Barua nimeipata. Mimi mzima, magoti ni yale yale, kuku wamebaki watatu na mmoja ni mvivu. Soksi mbili hazikusaidii kwa sababu unavaa za pamba. Vaa za sufi.

Sikuwa nimelala. Sikutaka kuongea na wewe. Vernell hajui kudanganya, nimeshamwambia.

Shule sikuingia hata siku moja, unajua. Herufi alinifundisha babu yako Lucius kwenye meza hii, kwa kipande cha mkaa, juu ya karatasi ya kufungia nyama aliyokuja nayo kutoka buchani alikofanya kazi. Ndiyo maana mpaka leo naandikia karatasi hii ya rangi ya udongo. Mistari ikipanda mlima, inamisha kichwa uifuate.

Neno nililokuambia nalikumbuka. Nilisema umemzika babu yako mara mbili kwa siku moja. Nililisema kwa sauti, mbele ya mchungaji na sahani zake mbili. Bado sijalirudisha. Nakuambia mapema, usije ukadhani kwa kuwa nimeshika penseli basi yameisha.

Wewe uliona uchafu. Ule haukuwa uchafu. Babu yako alilitengeneza jiko lile mwaka wa sitini na saba, kwa bomba nene la visima vya mafuta, na hakuliosha hata mara moja. Alikwangua wavu wa nyama, akazoa majivu, akafunga mlango. Kilichokuwa ndani ni mafuta ya ng'ombe na moshi wa mwaloni, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukawa ukoko mweusi unaoteleza kama kioo. Harusi yako ya kwanza, iliyovunjika, ilikuwa humo. Ubatizo wa baba yako, Mungu amrehemu, ulikuwa humo. Kila aliyekula kwenye ua huu aliacha kidogo. Ukaleta dawa ya chupa.

Sasa hiyo picha. Nimeitazama kwa miwani na bila miwani. Hilo si jiko, ni kopo la maharage lenye magurudumu. Bati lake naliona jembamba hata kwenye picha. Ukiwasha moto humo, upepo ukipita jiko linapoa, upepo ukitulia linaungua, na wewe unakimbia huku na huku kama kuku anayefukuzwa. Kidari cha ng'ombe kinataka saa kumi na nne za joto lisilobadilika tabia. Na hicho kipimajoto kimewekwa juu kabisa ya kifuniko. Nyama iko chini. Kinapima joto la nani?

Kama una pesa ya kuchezea, usininunulie kwa picha. Nenda ukaligonge. Kwa vifundo vya vidole, ubavuni, mahali pakavu. Likilia ting, liache hapo. Chuma kinene hakilii, kinaguna kama mzee aliyeamshwa.

Kuni za babu yako za mwaloni, zile alizopasua mwenyewe kiangazi cha mwisho, bado ziko bandani. Vernell alitaka kuzitoa. Nilimwonyesha mlango.

Mimi,
Ozella Pruitt


Omaha
7 Machi 2010

Bibi Ozella,

Shikamoo, na poleni na mvua niliyosikia imewapiga. Je, paa la banda limehimili? Soksi za sufi nimenunua. Ulikuwa sahihi, sitaki kulijadili.

Nimegonga. Jumamosi tatu nimezunguka maduka ya mji huu nikigonga majiko kama mpiga hodi. Kwenye duka moja kubwa muuzaji alinifuata mstari mzima, mwishowe akaniuliza kama kuna mtu ninayemtarajia atoke humo ndani. Nikamwambia bibi yangu ndiye aliyenituma. Akacheka, akaacha kunifuata, akaanza kugonga na yeye. Bibi, akawa anashangaa. Kila alilogonga lilisema ting. Akaniambia, "Kaka, nimeuza haya miaka sita, sikuwahi kuyasikiliza."

Nikapata moja nje ya mji, kwa mtu anayeuza vifaa vya mashamba. Linaguna. Chuma chake kina unene wa robo inchi, nimepima kwenye ukingo wa mlango. Sanduku la moto ni kubwa, gogo zima linaingia. Dohani imesimama juu ya kifuniko, ndefu, inapendeza. Na kitu nilichokipenda zaidi, lenyewe ni fupi. Nilipiga hesabu ya kimo chako, wavu utaufikia bila kuinua bega. Nimewaza magoti yako na bega lako la kulia.

Niseme ndiyo?

Mjukuu wako,
Delmar


Bolton Creek
21 Machi 2010

Delmar,

Marahaba. Paa limehimili, isipokuwa kona moja, na kona hiyo ilikuwa inavuja tangu ukiwa unanyonya. Kuku mvivu ameanza kutaga. Nilimtishia.

Usiseme ndiyo.

Umesikiliza chuma, vizuri, lakini hukuufikiria moshi. Dohani ikisimama juu ya kifuniko, moto unatoka kwenye sanduku, unapaa, unatoka nje bila hata kuisalimia nyama. Dohani inatakiwa ianzie chini, usawa wa wavu, upande wa mbali na moto, ili moshi ulazimike kupita nyumba nzima ndipo utoke. Kabla hujanunua, omba ruhusa uwashe gazeti moja kwenye sanduku la moto ufunge milango. Moshi utoke kwa dohani tu. Ukitoka kwenye maungio, basi fundi alichomelea kwa nukta nukta, hapa kidogo na pale kidogo, kama mtu anayeshona kifungo akiwa na haraka. Pitisha kidole ndani ya maungio. Kovu liwe moja, mwanzo hadi mwisho.

Na mlango. Huu ndio mtihani wa babu yako, hakuwafundisha watu wengi. Weka utepe wa karatasi kwenye ukingo, funga mlango, halafu vuta. Ukitoka, mlango unavuja, na jiko linalovuja ni jiko linaloendeshwa na upepo badala yako. Ukibana, zunguka ukingo wote, kona kwa kona.

Karatasi ya kawaida ni nyembamba mno. Nimekukatia utepe wa karatasi hii ya nyama, chini ya barua, hapo ambapo ningetia jina langu. Jina limeondoka na utepe. Utauona kwenye bahasha.

Na wavu uko chini mno.


Omaha
11 Aprili 2010

Bibi,

Shikamoo. Huku theluji imeyeyuka hatimaye, na ndege wamerudi wakiwa wakali. Wewe unaendeleaje? Shangazi anasema unakohoa. Usimkasirikie, nilimbana.

Utepe niliupata. Umeandika juu yake "Bibi yako." Nilipoutoa kwenye bahasha nilikaa nao mezani muda, ugali wa mahindi ukapoa. Barua ya kwanza ulitia jina lako kama mtu anayesaini karatasi za serikali, kwa hiyo niliona.

Nimeupitisha kwenye milango kumi na miwili. Umechafuka, una alama za vidole na masizi, lakini maandishi yanasomeka. Milango kumi na mmoja iliuachia. Wa kumi na mbili uliubana pande zote isipokuwa kona ya chini, na mwenyewe alipiga bawaba nyundo mbili mbele yangu, kona ikabana. Chuma kinaguna. Dohani inaanzia usawa wa wavu. Kovu la kuchomelea ni moja, nimepitisha kidole mpaka nikakikata. Niliwasha gazeti, moshi ukatoka panapostahili.

Ni fupi kama nilivyotaka. Mwenyewe ataniwekea mpaka mwisho wa mwezi. Sema neno moja tu.

Mjukuu wako,
Delmar


Omaha
9 Mei 2010

Bibi,

Shikamoo. Sijui kama umepokea barua yangu ya tarehe kumi na moja Aprili, au ile ya wiki mbili zilizopita ambamo nilikuuliza tena. Shangazi anasema zote mbili ziko kwenye kopo la biskuti, zimefunguliwa.

Lile jiko limeuzwa. Mwenyewe alinisubiri siku sita zaidi ya tulivyokubaliana, kisha akalitoa.

Nataka nikuulize kitu, na uniwie radhi nikikosa adabu. La kwanza ulilikataa kwa bati. La pili kwa dohani. La tatu lilikuwa limefaulu kila mtihani ulionipa, na ulinyamaza. Nimeanza kudhani hulikatai jiko. Unanikataa mimi, ila unapitia kwenye chuma ili usilazimike kusema.

Kama ni hivyo, sema. Juni iko karibu. Waende ukumbini, wale nyama ya umeme, na mimi nitaacha kugonga vitu vya watu. Lakini nisingependa kulijua jambo hilo kwa kimya.

Delmar


Bolton Creek
16 Mei 2010

Delmar, mtoto wa mwanangu,

Marahaba, na marahaba nyingine kwa zile shikamoo ambazo sikuziitikia.

Sikuulizi afya yako leo kwa sababu najua nimeiharibu mwenyewe. Yangu nitakuambia, na uisome ukiwa umekaa.

Tangu Oktoba nakohoa mpaka naona nyota. Vernell alinipeleka kwa daktari, mtoto mdogo mwenye viatu vizuri. Akanipiga picha ya kifua, akaitundika kwenye taa, akanionyesha mapafu yangu yalivyochoka. Akasema nisisimame kwenye moshi tena, hata wa mshumaa wa keki. Nikamuuliza je, nikisimama upande upepo unakotoka. Akaniuliza kama namsikia. Namsikia. Ndiyo sababu ya ukumbi wa kanisa. Vernell hakukuambia kwa kuwa nilimwapisha.

Sasa wewe kila wiki unaniletea jiko. Fupi. La kimo changu. La bega langu. Ulivyoandika kuhusu bega langu la kulia nililia, halafu nikakasirika kwa sababu nimelia, ndipo nikakuandikia kwamba wavu uko chini mno na sikukueleza. Lile la tatu halikuwa na kasoro hata moja. Nilikaa na barua yako wiki nne nikitafuta kasoro. Ningefanyaje? Niseme ndiyo, uniletee jiko zuri nilitazame kwenye ua kama jiwe la kaburi?

Na kuna la pili, ambalo ni zito kuliko mapafu.

Majira ya baridi kabla hajafa, babu yako alinishika mkono tukaenda nyuma. Akalala chali chini ya jiko, mzee mzima, akachomeka bisibisi kwenye tumbo la jiko. Ikazama kama kwenye siagi. Chuma kilikuwa kimeliwa chote. Kilichokuwa kimeshikilia ni ule ukoko tu. Akaniambia, "Ozella, limebakiwa na kiangazi kimoja. Usiwaambie watoto." Akainuka, akajipangusa, tukarudi ndani tukanywa kahawa.

Kwa hiyo yale matundu hukuyatoboa wewe. Yalikuwepo. Ulipoyaziba kwa bati, niliuona uso wako, niliona unaamini umeyafanya kwa brashi yako, nikakuacha uamini. Halafu nikaongeza na lile neno. Nilikuwa na uchungu na sikuwa na pa kuutua, na wewe ulikuwa umesimama karibu. Hivyo tu. Hakuna sababu nzuri zaidi ya hiyo, nimeitafuta miaka miwili.

Rangi ya fedha bado ilikuwa ujinga. Hilo silirudishi.

Kama bado una nguvu ya kugonga, gonga mara moja nyingine. Lakini usinunue kwa kimo changu. Simama mbele ya jiko, shusha mikono, kunja kiwiko. Wavu uwe hapo, kwenye kiwiko chako wewe. Mlango wa moto usikuinamishe mpaka uvunjike mgongo, maana babu yako alikuwa mfupi na wewe mrefu kama mlingoti, na kiuno chako utakihitaji. Jiko ni la mtu atakayesimama nalo saa kumi na nne. Mimi siwezi tena. Nauliza kama wewe unaweza.

Ukisema hapana nitaelewa. Omaha ni mbali, na nimekutendea vibaya.

Bibi yako


Omaha
6 Juni 2010

Bibi yangu,

Shikamoo. Kifua kinasemaje leo? Umeacha kukaa karibu na dirisha la jikoni Shangazi anapokaanga? Jibu ukweli.

Niliisoma barua yako nimekaa, kama ulivyoagiza, kwenye ngazi za bohari wakati wa chakula. Mwenzangu mmoja aliniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, ila nimebeba kitu miaka miwili na sasa naambiwa hakikuwa changu, na mikono haijui ifanye nini. Akanipa nusu ya mkate wake.

Sijakasirika. Nilikasirika Jumanne nzima, Jumatano nikachoka.

Jumamosi niliendesha gari mpaka Kansas, kwa mzee mmoja anaitwa Emmerich, ambaye kazi yake ni kuchomelea maghala ya nafaka na pembeni anatengeneza majiko ya moshi, mawili au matatu kwa mwaka. Ana moja alilolipiga msasa na kulipaka rangi, na lingine liko nyuma kwenye nyasi, halina rangi, limetengenezwa kwa bomba la visima vya mafuta. Nikaenda kwenye nyasi. Akanitazama nikigonga, akasema, "Kijana, unaligonga jiko langu kama unanunua tikiti maji." Nikamwambia nimefundishwa. Akaniuliza na nani. Nikatoa utepe.

Alikuwa hajawahi kuona mtu anakuja na utepe wake mwenyewe. Nikauweka kwenye ukingo, nikafunga mlango, nikavuta. Haukutoka. Kona ya pili, haukutoka. Ya tatu, nikavuta kwa nguvu kidogo, na Bibi, ukakatika. Karatasi ya nyama, nene vile. Nusu ilibaki mkononi mwangu, nusu mlangoni. Mzee Emmerich akavua kofia yake akajipepea, akajifanya ni joto.

Wavu uko kwenye kiwiko changu. Wewe hutaufikia hata ukisimama juu ya kreti. Ni zito mno, tulilipandisha kwenye tela kwa mashine yake ya kuinulia vyuma. Halina kipimajoto. Aliniuliza kama nataka anitobolee tundu la kukiweka, nikamwambia nitapima joto kwa kiganja, nyumbani kuna mtu atanifokea nikikosea.

Nimeomba likizo ya mwezi mzima. Nitafika tarehe kumi na nne, nipate siku mbili za kuliwasha tupu, kuni na mafuta ya nguruwe tu, bila nyama, mpaka ngozi ya kwanza ishike. Nyama ya watu haitangulii humo.

Mwambie Shangazi arudishe funguo za ukumbi.

Jibu lako la mwezi wa pili, kuhusu kuni za bandani, nalikumbuka. Sitazigusa. Nitanunua za kwangu njiani.

Nusu ya utepe imo humu. Nyingine nimeiacha kwenye mkoba wangu.

Mjukuu wako,
Delmar


Bolton Creek, jikoni
19 Juni 2010, saa saba mchana

Mume wangu mdogo,

Nilikuwa nikikuita hivyo ukiwa na miaka minne, babu yako akinuna. Leo hayupo wa kununa.

Umeamkaje? Nauliza ingawa nimekuona ukiamka, na nimekuona ukinywa kahawa umesimama, na ukifukuza mbwa wa jirani. Mimi mzima. Dirisha limefungwa, kifua kimetulia, Vernell amenizibia hata tundu la ufunguo kwa taulo. Kutoka meza hii mpaka ulipo ni hatua thelathini, na sijawahi kuandika barua ya kwenda karibu hivi. Lakini upepo unaleta moshi upande wa nyumba, na nilimwahidi yule mtoto wa viatu.

Vernell, niliyekupa umsomee karatasi hii, ukifika hapa paza sauti. Wote walio uani wasikie, na mchungaji ashushe sahani.

Siku ya mazishi ya Lucius nilisema mbele yenu kwamba Delmar amemzika babu yake mara mbili. Haikuwa kweli. Jiko lile lilikuwa limeshakufa, Lucius alijua, na mimi nilijua. Mtoto huyu aliliosha kwa sababu alimpenda babu yake na hakuna aliyemfundisha. Aliyepaswa kumfundisha ni mimi, na nilikuwa ndani nakata keki. Nililisema neno mbele yenu, kwa hiyo nalirudisha mbele yenu. Mwenye swali aje dirishani.

Delmar, wewe sasa. Tangu asubuhi umekuwa ukichoma kuni za dukani. Nimevumilia. Ni mbichi, na watu wana njaa. Bandani, nyuma ya turubai, kuna mwaloni wa babu yako. Alipasua kwa urefu wa jiko lake, na jana nilimtuma Vernell apime sanduku lako la moto kwa kamba, hukumwona. Zinaingia. Zichome. Zichome zote kama zitahitajika, usiniwekee hata moja ya kumbukumbu. Kuni zikikaa mno zinakuwa samani.

Kidari kikiiva utaniletea wewe, si Vernell. Utasimama nje ya dirisha mpaka moshi ukutoke kwenye nguo, ndipo utaingia, na utakaa kwenye kiti cha babu yako kwa sababu vingine vimekaliwa na akina shangazi zako wa kanisani tangu saa nne.

Nusu yangu ya utepe nimeibandika juu ya sinki.

Sasa tia karatasi hii mfukoni uende bandani. Moshi wako umeanza kuwa mweupe, moshi wa kuni mbichi. Nauona kutoka hapa.

Bibi yako